Tusimkataze farasi mchanga kugaagaa, tumtengenezee mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wafugaji wengi wa farasi hulihesabu kuwa dogo, mpaka siku wanapomkuta mnyama wao amekwama ukutani huku miguu imekunjamana, au amenasa kwenye waya wa uzio na ngozi imechunika hadi mfupani. Jambo hilo ni usalama wa farasi mchanga anapolala chini na kugaagaa. Kurasa za ufugaji huwapa wasomaji maelezo mazuri kuhusu ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini farasi akitajwa, mara nyingi hutajwa kwa sababu ya mbio au gwaride, na yale ya zizini yanayomwezesha kufikia umri wa kukimbia au kubeba mtu hupitwa kimya.

Nianze na desturi ninayoipinga. Wapo watunzaji, tena wenye uzoefu wa miaka mingi, wanaoamini kwamba kugaagaa ni tabia mbaya ambayo farasi mchanga lazima aachishwe mapema. Wengine humfunga kichwa juu usiku kucha ili asiweze kulala, wengine humchapa kila anapokunja magoti, na wengine humweka katika chumba chembamba kiasi kwamba hata kugeuka ni taabu. Nia yao huwa njema, kwa kuwa wamekwisha kuona farasi akiumia kwa kugaagaa na wanaogopa jambo hilo lisirudi. Hata hivyo wanapambana na kitu kisicho na kosa. Farasi anayegaagaa mahali palipo wazi, kwenye ardhi laini na kavu, ni nadra sana kuumia. Kinachomuumiza ni ukuta ulio karibu mno, waya, kamba, ndoo na mtaro, yaani vitu ambavyo sisi wenyewe tumeviweka au kuviacha pale anapolala.

Ni kweli kwamba farasi husinzia akiwa amesimama, kwa sababu kano za miguu yake hufunga viungo na kumshikilia bila misuli kuchoka. Lakini usingizi mzito, ule ambao misuli ya mwili mzima hulegea, hawezi kuumaliza akiwa wima. Farasi mzima huhitaji usingizi wa namna hiyo kwa takriban dakika 30 hadi 60 kwa siku, na huupata kwa vipindi vifupi vifupi akiwa amelala chini. Akinyimwa kwa siku nyingi, huanza kuporomoka ghafla anaposinzia, akaangukia miguu ya mbele, na mtunzaji huja kuona michubuko mbele ya magoti na vifundo asijue imetoka wapi. Mtoto wa farasi mahitaji yake ni makubwa zaidi, kwani katika wiki zake za kwanza hutumia karibu nusu ya siku akiwa amelala. Kumzuia asilale ni kumnyima pumziko katika umri ule ule ambao mifupa yake ingali inarefuka na viungo vyake vingali havijakomaa.

Kugaagaa nako kuna kazi yake. Farasi hujikuna mgongo ambao hawezi kuufikia kwa meno, huondoa manyoya yaliyokwisha kufa, hukausha jasho baada ya kazi, na hujipaka vumbi au tope linalopunguza usumbufu wa wadudu. Kuna wanaosema kwamba kugaagaa ndiko kunakosokota utumbo, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wakimbilie fimbo. Utumbo mpana wa farasi ni mkubwa na haukushikiliwa sana ndani ya tumbo, hivyo ni kweli kwamba unaweza kuhama mahali pake. Lakini farasi wenye afya hugaagaa karibu kila siku maisha yao yote bila kupatwa na balaa hilo, na mara nyingi yule anayekutwa akijitupa chini kwa nguvu alikuwa tayari ana maumivu kabla ya kulala. Nitarudi kwenye suala la ugonjwa, maana ni muhimu mtu ajue tofauti.

Sasa niseme kwa nini farasi hukwama. Wengi wetu tumelelewa karibu na mazizi ya ng'ombe, na bila kufikiri tunampa farasi nafasi ile ile tunayompa ng'ombe. Ng'ombe anapoinuka hutanguliza nyuma: huinua makalio kwanza akiwa bado amepiga magoti mbele, kisha ndipo husimamisha miguu ya mbele. Farasi hufanya kinyume chake. Hunyoosha kwanza miguu yote miwili ya mbele, hurusha kichwa na shingo mbele na juu ili kuhamisha uzito, kisha hujisukuma kwa nguvu kubwa kwa miguu ya nyuma. Ili afanye hivyo anahitaji nafasi mbele ya kifua, nafasi ya kurusha kichwa, na sakafu isiyoteleza chini ya kwato za nyuma. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, hawezi kuinuka, hata awe na nguvu kiasi gani. Farasi mchanga ana shida ya ziada, kwa sababu bado hajajifunza kupima umbali kati ya mgongo wake na ukuta. Hulala popote usingizi unapomkuta, hujigeuza upande wa pili kwa furaha, kisha miguu inaangukia ukutani na mgongo unabaki katikati ya chumba, na hapo ndipo anapokuwa mfungwa. Huanza kupiga mateke, hupata hofu, na kila teke linamsogeza karibu zaidi na ukuta.

Hatari ya kubaki hivyo kwa muda mrefu si uchovu peke yake. Farasi mzima wa kawaida ana uzito wa kilo 400 hadi 600, na hata yule wa mwaka mmoja huwa amekwisha kufikia zaidi ya nusu ya uzito atakaokuwa nao ukubwani. Uzito huo ukilalia upande mmoja kwa saa kadhaa, misuli ya chini hukandamizwa na kukosa damu, mishipa ya fahamu ya bega na ya uso huumia, na pafu la upande wa chini hubanwa na viungo vizito vya tumbo. Wapo wanaofariki kwa sababu hiyo, na wapo wanaookolewa wakabaki na mguu wa mbele usioweza kunyooka au mdomo uliopinda upande. Kwa hiyo ninaposema kwamba mahali pa kulala patengenezwe, sizungumzii anasa.

Chumba cha farasi mmoja mzima kisipungue mita 3.6 kwa 3.6, na cha farasi jike mwenye mtoto kiwe na mita 4.5 kila upande au zaidi. Najua kwamba mbao na matofali vina gharama, na kwamba si kila mtu anaweza kuvunja ukuta na kujenga upya. Lakini kama chumba ni kidogo na hakuna njia ya kukipanua, ni heri farasi mchanga alale nje kwenye uwanja wenye uzio mzuri na kivuli kuliko kumbana ndani kwa kuwa tu kuna paa. Sakafu isiwe ya saruji tupu iliyosuguliwa hadi ikalainika. Iwekwe mpira mzito wenye michirizo au udongo ulioshindiliwa, na juu yake matandiko ya maranda au majani makavu yasiyo na ukungu, mengi kiasi kwamba ukipiga goti huisikii sakafu. Matandiko yarundikwe zaidi kandokando ya kuta, yapande kama tuta la kimo cha nusu mita hivi, ili farasi anapoelekea ukutani tuta limzuie kabla mgongo haujafika. Wengine hugongomelea ubao mwembamba ukutani, kwa mlalo, usawa wa mita moja hivi kutoka sakafuni, ambao farasi aliyekwama huweza kuukanyaga kwa kwato na kujisukuma. Ni jambo dogo lisilo na gharama kubwa, na linafaa kuwekwa katika kila chumba kinachotumiwa na farasi mchanga. Mlango nao ufunguke kwa nje. Mlango unaofunguka kwa ndani unaweza kuzibwa na mwili wa farasi mwenyewe, na mwokoaji akabaki nje akisikiliza mateke.

Vitu vilivyoning'inizwa vichunguzwe kwa jicho la mnyama aliyelala chali, si la mtu aliyesimama. Ndoo yenye mkono wa chuma ulioinuka, kulabu, misumari, na hasa wavu wa majani makavu uliofungwa chini, vyote hivi viko usawa wa kwato wakati miguu imeelekea juu. Wavu unaoonekana uko juu ukiwa umejaa hushuka kadiri majani yanavyoliwa, na usiku wa manane unakuwa umefika mahali ambapo mguu mdogo wa mtoto wa farasi unaingia kwenye tundu lake na hautoki. Kwa farasi wachanga ningesema wavu usitumike kabisa, majani yawekwe chini mahali safi au kwenye hori pana lisilo na pembe kali.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la kamba ya kichwani, kwa sababu hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi kuliko mahali pengine popote. Ni kawaida kumwachia farasi mchanga kamba ya kichwani mchana na usiku ili awe rahisi kukamatwa. Mtoto wa farasi hujikuna nyuma ya sikio kwa kwato ya nyuma, kama mbwa afanyavyo, na kwato yake ni ndogo kiasi cha kuingia kati ya shavu na kamba. Ikishaingia, anaanguka, anagaagaa kwa hofu, na shingo inakunjwa kwa nguvu ya mguu wake mwenyewe. Anaweza kuvunjika shingo au mguu kabla mtu hajafika. Anapolala ubavu juu ya pete na vifungo vya chuma kwa muda mrefu, vyuma hivyo hukandamiza mishipa ya fahamu ya uso. Tena, mtoto wa farasi hukua upesi mno; kamba iliyomtosha mwezi uliopita humkata juu ya pua mwezi huu. Ikiwa kuna sababu ya lazima ya kumwachia, basi iwe ya ngozi nyembamba, au iwe na kipande kimoja dhaifu kinachokatika kikivutwa kwa nguvu, kamwe isiwe ya nailoni isiyokatika. Lakini suluhisho la kweli ni kumzoeza akubali kuvikwa na kuvuliwa kamba kila siku. Kazi hiyo inahitaji subira ya wiki chache, nayo huleta faida katika maisha yote ya farasi huyo.

Kumfunga farasi mchanga kwenye kigingi kwa kamba ndefu ili ale majani na kumwacha peke yake ni hatari isiyo na utetezi. Anapogaagaa kamba inazunguka mguu, anapoinuka inakaza, na anapovuta inamkata juu ya kwato, sehemu ambayo haina nyama ya kuulinda mfupa na ambayo kidonda chake huchelewa sana kupona. Farasi mchanga asifungwe kamwe mahali ambapo hakuna mtu wa kumtazama. Na anapofungwa kwa muda mfupi akiwa na mtu karibu, kamba ifungwe kwenye usawa wa bega lake au juu zaidi, iwe fupi, na fundo liwe la kufyatuka.

Nje ya banda, adui mkubwa ni uzio. Seng'enge ya miiba haimfai farasi wa umri wowote, na kwa farasi mchanga ni balaa, kwa kuwa akinasa hasubiri kama ng'ombe. Huvuta mpaka nyama itoke. Uzio wa mbao ni mzuri iwapo nguzo zimewekwa kwa nje na mbao kwa ndani, upande wa farasi. Uzio wa wavu unafaa ikiwa matundu yake ni madogo kuliko kwato, na ule wa matundu ya sentimita 5 kwa 10 umethibitika kufaa. Wafugaji wengi hawaangalii nafasi iliyo chini ya uzio. Mtoto wa farasi hupenda kulala pembeni, na akijigeuza mara moja tu huweza kupita chini ya ubao wa chini kabisa na kuinuka akiwa upande wa pili, mbali na mama yake. Mama huanza kukimbia huku na huko na kuita, mtoto naye hujaribu kurudi kwa kujirusha kwenye uzio, na yanayofuata huwa mabaya kuliko kule kugaagaa kwenyewe. Kwa uwanja wa wachanga, wavu ufike karibu na ardhi.

Mitaro, mashimo, visiki na mawe yaondolewe au yazungushiwe uzio wake. Farasi akilala kwenye mteremko miguu ikielekea juu, anaweza kushindwa kuinuka hata kama hakuna ukuta karibu, na mtaro wa maji ya mvua usiofika kina cha goti unatosha kumshikilia mgongo. Mimi hupendelea uwanja uwe na sehemu moja ya mchanga, mbali na uzio na isiyo na mteremko, kwa kuwa farasi akishaipenda sehemu hiyo atairudia kila siku na wenzake watamfuata. Ila majani na nafaka visiwekwe hapo, maana mchanga unaomezwa pamoja na chakula hukusanyika tumboni na kuleta ugonjwa ule ule tunaouogopa.

Yapo pia mambo yanayotokea farasi akiwa mikononi mwa mtu. Farasi mchanga anayefundishwa kubeba tandiko huweza kulala ghafla katikati ya mafunzo, hasa akiwa na jasho, akifikishwa kwenye mchanga laini au kuingizwa majini. Dalili hutangulia: huinamisha kichwa na kunusa ardhi, hupara kwa mguu wa mbele, huzunguka mahali pamoja, kisha magoti huanza kulegea. Aliye mgongoni ainue kichwa cha farasi na kumhimiza aende mbele mara moja. Farasi anayetembea hawezi kulala. Ikiwa amekwisha kulala, mpandaji atoe miguu kwenye vikuku vya tandiko anavyokanyagia na ashuke upande wa mgongo, si upande wa miguu. Anayemwongoza kwa kamba asizungushe kamba hiyo mkononi mwake hata kidogo. Kazi ikiisha, avuliwe tandiko, aongozwe mpaka mahali pake pa mchanga na aachwe agaagae apendavyo. Atachafuka, ni kweli, na aliyemsugua asubuhi atasikitika, lakini vumbi hutoka kwa brashi.

Nilisema nitarudi kwenye ugonjwa. Farasi mwenye afya hujigeuza mara kadhaa, huinuka, hujikung'uta vumbi mwili mzima, kisha hurudi kwenye majani yake. Mwenye maumivu ya tumbo hulala na kuinuka tena na tena, hujitupa chini bila kuchagua mahali, hutazama ubavu wake au kujipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, hutoa jasho bila kazi, hukataa chakula, na akiinuka mara nyingi hajikung'uti. Mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, nayo huhesabiwa kwa kugusa mshipa ulio chini ya taya. Yakizidi 60 wakati hakukimbia, jambo ni la haraka. Kipimo hicho kisitumiwe kwa mtoto mchanga, ambaye moyo wake hupiga kasi zaidi kwa asili. Kwa mtoto zipo dalili nyingine za kuangalia: aliyezaliwa karibuni anayejikaza huku ameinua mkia, hatoi kinyesi cha kwanza na kujigeuzageuza anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mwenye miezi michache anayependa kulala chali kwa muda mrefu, akisaga meno na kutokwa na mate, huenda ana vidonda vya tumbo. Wakati daktari anasubiriwa, chakula kiondolewe, na farasi atembezwe polepole ikiwa tu kufanya hivyo kunamzuia asijiumize. Kumzungusha kwa saa nyingi hadi miguu ikashindwa hakumponyi. Asipewe dawa ya maumivu bila daktari kusema, kwa sababu inaweza kuficha dalili ambazo zingemwonyesha daktari ukubwa wa tatizo.

Mwisho ni namna ya kumwokoa aliyekwama, na hapa naomba wasomaji wasome taratibu, kwa kuwa watu huweza kuumia vibaya katika kazi hii. Usiingie peke yako. Zungumza kwa sauti ya chini kabla ya kufungua mlango. Kaa upande wa mgongo wakati wote, na usipite kati ya miguu yake na ukuta kwa sababu yoyote ile. Mtu mmoja apige goti nyuma ya masikio, juu ya shingo, na kukiweka kichwa chini, maana farasi asiyeweza kurusha kichwa hupunguza mateke; kitambaa kikunjwe na kuwekwa chini ya shavu ili jicho lisisuguliwe. Wakati mwingine inatosha wawili au watatu kumvuta kwa manyoya ya shingoni na kwa shina la mkia, pamoja na kwa mfululizo, ili mwili usogee kutoka ukutani kwa kiasi cha kumpa nafasi ya kukunja miguu. Kama haitoshi, zitumike kamba mbili ndefu. Kila moja ipitishwe kuzunguka mguu wa chini, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, juu kidogo ya kwato, kwa msaada wa fimbo ya ufagio ili mtu asinyooshe mkono kati ya miguu. Kamba isifungwe fundo. Mvutaji ashike ncha zote mbili, ili akiachia moja kamba itoke yenyewe. Wanavuta kwa pamoja mpaka farasi ageuke juu ya mgongo wake kuelekea kwao, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa sasa miguu imewaelekea waokoaji na farasi atainuka bila kumngoja mtu. Aliyeshika kichwa awe amekwisha ondoka, na kila mmoja awe anajua mapema njia yake ya kufikia mlango.

Mtoto wa farasi wa siku chache, ambaye uzito wake huwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mama, anaweza kuvutwa na watu wawili kwa mabega na makalio bila kamba. Kazi kubwa hapo ni mama. Hata farasi jike mpole kuliko wote anaweza kuwauma na kuwapiga teke watu pindi mtoto wake anaposhikwa akiwa chini, hivyo ashikwe kwanza na mtu anayemfahamu, mahali ambapo anaendelea kumwona mtoto wake. Kama mguu umenasa kwenye waya, umeme wa uzio uzimwe kabla ya jambo lingine lolote, kichwa kishikwe chini, ndipo waya ukatwe pande zote mbili za mguu, kwa tahadhari kwamba waya uliokazwa huruka unapokatwa. Mkasi wa kukatia waya uwe na mahali pake panapojulikana na kila mtu zizini, kwani saa ya shida si saa ya kuutafuta.

Farasi akiinuka, asikimbizwe wala kupandishwa gari. Aachwe asimame mpaka pumzi itulie, kisha atembezwe hatua chache kwenye ardhi isiyoteleza huku mtu akitazama kama kila mguu unabeba uzito na kama mguu wa mbele unanyooka. Apewe maji. Daktari wa mifugo aitwe hata kama hakuna damu inayoonekana, kwa sababu uvimbe wa misuli na mbavu zilizovunjika huweza kujionyesha baadaye, na mkojo wake utazamwe kwa siku moja au mbili zinazofuata: ukiwa na rangi ya kahawa, ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo zinaweza kudhurika, na hapo daktari arudi bila kuchelewa. Aliyekwama usiku mmoja anaweza kukwama tena usiku unaofuata katika pembe ile ile, kwa hiyo asirudishwe kwenye chumba hicho kabla matandiko hayajarundikwa upya kandokando ya kuta na kitu kilichomnasa hakijaondolewa.

Wako,

Msomaji na mfugaji wa farasi